Mwaka wa Kwanza, Mara ya Pili

Madam Karambu aliwarudishia wanafunzi karatasi za anatomia Jumanne asubuhi, akiita jina moja moja bila kuinua macho. Lobokat alipopokea yake aliona ishirini na saba kwa wino mwekundu, akajua papo hapo kwamba amepewa karatasi ya mtu mwingine. Akaangalia jina. Lilikuwa lake, Lobokat Etabo, na mwandiko ulikuwa wake, ule wa kulalia kulia ambao walimu wa sekondari walizoea kuuonyesha darasa zima. Akajumlisha upya alama za kila swali, kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Ishirini na saba zote mbili.

"Umevuka hamsini?" aliuliza Abdiwahid, jirani yake wa dawati.

"Karibu," alisema Lobokat. Aliikunja ile karatasi mara nne, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akaitia ndani ya soksi.

Huo ulikuwa mtihani mdogo wa kwanza tangu aingie chuo cha matabibu pale Isiolo, na kabla ya siku hiyo Lobokat hakuwa amewahi kuanguka mtihani wowote. Hata nambari mbili hakuijua ilivyo. Katika shule ya kutwa ya Ngare Mara alikuwa wa kwanza kuanzia muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza hadi siku ya mwisho ya kidato cha nne, na matokeo ya taifa yalipotoka akiwa na B+, mwalimu mkuu alikwenda mwenyewe hadi nyumbani kwao kumwambia baba yake. Mzee Etabo alikuwa akikamua mbuzi. Alisikiliza habari yote, akamaliza kukamua, ndipo akainuka na kumpa mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilimwombea Lobokat, na kabla hata hajapata barua ya chuo, watu walikuwa wameshaanza kumwita daktari.

Siri yake ya kusoma haikuwa siri kwa mtu yeyote wa kwao. Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya uzio wa miiba, alikuwa akizunguka zizi na daftari mkononi, akisoma kwa sauti, kisha akilifunga na kurudia yale yale bila kuangalia. Ukurasa akishaumeza haukutoka tena. Mtihani ulikuwa ni kuutapika kama ulivyo, koma kwa koma, na alama zikaja.

Chuoni swali halikuja hivyo. Katika ile karatasi, swali la tatu lilihusu mzee wa miaka sitini aliyefika kliniki akihema, miguu yake imevimba. Mwanafunzi aeleze kwa nini miguu imevimba. Lobokat alikuwa ameandika kurasa mbili na nusu kuhusu moyo: vyumba vyake vinne, milango yake, mishipa inayoingia na inayotoka, kila jina mahali pake. Pembeni Madam Karambu aliandika maneno mawili tu, "Kwa nini?", na chini yake alama mbili kati ya ishirini.

Mtu mwingine labda angekwenda kumwuliza mwalimu. Lobokat hakujua kwamba hilo ni jambo mtu anaweza kufanya. Tangu utotoni wengine ndio waliokuwa wakimwuliza yeye. Alichojua ni kuongeza bidii, na bidii kwake ilikuwa kitu kimoja. Katika chumba alichopanga Kambi Garba alianza kuamka saa tisa badala ya saa kumi na moja, na kwa kuwa hapakuwa na zizi la kuzunguka, alizunguka kitanda. Alimeza mifupa, akameza misuli, akameza sura nzima ya kitabu inayohusu miguu kuvimba, ili swali hilo likija tena limkute yuko tayari.

Abdiwahid alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa wenye malori, mwenye maneno mengi na madaftari machache. Yeye na wenzake wanne walikuwa wakikaa kila alasiri nyuma ya maabara wakibishana.

"Kuja tukae, buda," alimwambia Lobokat. "Sisi hatujui kitu, lakini tukibishana tunapata njia."

Lobokat alikwenda mara moja. Walikuwa wakizungumza habari za figo, na msichana mmoja akamgeukia: "Wewe husoma sana. Mbona mtu akiharisha mkojo wake unapungua?"

Alijua ukurasa. Alijua hata ulikuwa upande wa kushoto, na picha iko juu. Akaanza kuusoma kichwani kutoka mwanzo, na walimsikiliza kwa heshima, hadi Abdiwahid akasema polepole, "Sawa, hiyo ni figo. Lakini mkojo je?" Hakuna aliyecheka. Kesho yake Lobokat alisema ana kazi, na keshokutwa pia, na baada ya hapo hawakumwita tena.

Mwezi wa nne alikwenda nyumbani mwisho wa wiki. Alikuta watu watano wamekaa kivulini mwa nyumba ya mama yake, wakimsubiri. Mmoja jicho, mwingine mgongo, mama mmoja mtoto mwenye upele. Wa mwisho alikuwa Nyanya Nakiru, jirani yao wa siku zote, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba hadi kifundo kimepotea.

Alipouona mguu ule, Lobokat alisikia kitu kama furaha. Hili alilijua. Alichuchumaa mbele ya bibi, akabonyeza ngozi kwa kidole kama kitabu kilivyosema, kikabaki kishimo. Akamweleza kwa sauti tulivu kwamba maji yanajikusanya, kwamba alale mguu ukiwa juu, kwamba apunguze chumvi. Alitaja na jina la kitaalamu. Watu walitazamana. Etabo, aliyekuwa amesimama kando na fimbo yake, aliangalia chini ili wasione uso wake.

Lobokat hakuugeuza ule mguu kutazama upande wa unyayo. Hakuuliza kama bibi anapata kiu kuliko kawaida, wala kama huamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Maneno hayo yalikuwa katika sura nyingine, na hakuna aliyemwuliza swali la sura hiyo.

Mwezi wa nane, siku tatu baada ya kumaliza mitihani ya mwisho wa mwaka, mama yake alimpigia simu kwamba Nyanya Nakiru amelazwa hospitalini mjini na vidole viwili vya mguu vimekatwa. Alikuwa na sukari kwa muda mrefu bila kujua, na kidonda kilikuwa chini ya kidole.

Lobokat alikwenda wodini. Alitembea kutoka lango hadi kitanda akipanga maneno ya kuomba msamaha, lakini bibi alipomwona alinyoosha mkono wake mkavu na kumshika shavuni.

"Daktari wangu," alisema. "Ulinisaidia. Nikiweka mguu juu nilikuwa napata usingizi. Bila wewe ningekuja hapa mapema nikateseka tu."

Alikaa naye kwa saa nzima. Yale maneno aliyoyapanga hayakutoka. Bibi alilala akiwa bado amemshika mkono, na Lobokat aliangalia ile bandeji nyeupe, akajiona kama mtu aliyeiba kwa kipofu, na kipofu anamshukuru.

Matokeo yalitoka wiki iliyofuata. Kati ya masomo matano alikuwa ameanguka matatu. Barua ilikuwa fupi: arudie mwaka wa kwanza. Madam Karambu alimwita ofisini kumpa kwa mkono wake. Alikuwa mwanamke mnene, mpole kuliko kalamu yake, na kwa muda mrefu alikuwa akifungua na kufunga faili.

"Ulisoma," alisema hatimaye. Halikuwa swali.

"Nilisoma, Madam."

"Najua. Mtu hawezi kuandika mambo haya bila kusoma, na hilo ndilo linanisumbua. Wale wanaoanguka kwa uvivu najua nitawaambia nini." Akavua miwani. "Niambie, figo zikikataa kufanya kazi, kwa nini mtu anavimba uso?"

Lobokat akaanza. Alikuwa amefika sentensi ya pili Madam alipomwinulia mkono.

"Hapana, si hivyo. Niambie kama unamwambia mama yako. Kwa Kiturkana, ukitaka."

Alifungua mdomo. Alimwona mama yake mbele yake, amekaa kwenye kigoda, anasubiri kuelezwa. Hakukuwa na neno hata moja. Yale yote aliyobeba mwaka mzima yalikuwa kama mzigo wa mtu mwingine uliofungwa kwa kamba, hajui ndani kuna nini. Madam Karambu akaweka sahihi kwenye barua na kuisukuma upande wake wa meza.

Lobokat hakumwambia mtu. Likizo nzima alikaa nyumbani akichunga mbuzi mbali kuliko ilivyohitajika, na mwezi wa tisa aliaga na kurudi mjini kama kawaida. Baba yake alimwahidi kumletea karo mnada ukiwa mzuri. Lakini Lobokat hakwenda kujiandikisha. Aliona orodha ya wanafunzi wapya imebandikwa langoni, watoto waliomaliza shule juzi, akageuka akaondoka.

Kila asubuhi alivaa koti jeupe, kwa sababu mwenye nyumba alizoea kumwona nalo, akatoka. Simu ya Abdiwahid ilipoita aliiacha iite. Siku za kwanza alizunguka madukani, akakaa nyuma ya msikiti, akakaa karibu na wanawake wanaofunga miraa, lakini kila mahali mtu aliuliza, "Unangoja nani?" Mwisho akagundua soko la mifugo. Kule kila mtu anangoja, hakuna anayemwuliza mwenzake. Kwa sababu ya koti, wengi walimdhania daktari wa mifugo, na mzee mmoja alimletea mbuzi anayetokwa na kamasi. Lobokat alimwambia yeye ni mgeni tu. Mzee akaondoka akinung'unika kwamba siku hizi hata kuangalia tu wanataka kulipwa.

Wiki tatu zilipita hivyo. Chakula kilimshinda. Alikuwa akilala mchana chumbani, usingizi mzito usiopumzisha, na akiamka jambo la kwanza kukumbuka lilikuwa ile barua. Wakati mwingine alijikuta anasoma kwa sauti ya chini majina ya mifupa ya mkono, yote kwa mpangilio, na hilo lilimuumiza kuliko kusahau.

Ndipo akafikiria Sericho. Kule mbali hakuna aliyemjua, na mtu mwenye nguvu anaweza kupewa ngamia achunge bila kuulizwa amesoma hadi wapi. Dereva mmoja aliyeleta ng'ombe mnadani alimwambia anarudi na lori tupu saa nne, na kwamba nafasi ipo. Lobokat alifunga nguo zake kwenye begi, akavaa koti lake ili mwenye nyumba asiulize, akaenda sokoni. Alikuwa amesimama kando ya lori, begi miguuni, alipomwona baba yake akiingia na mbuzi sita.

Etabo naye alimwona. Uso wake ukafunguka wote.

"Nani amekuambia nakuja leo?" aliuliza, na bila kungoja jibu akageuka kumwita dalali aliyekuwa akitembea naye, Mborana mmoja mrefu aitwaye Huqa. "Huqa, huyu ndiye kijana wangu. Huyu ndiye daktari."

"Mashallah," alisema Huqa, akimpa mkono. "Baba yako hana hadithi nyingine. Nilifikiri anatunga tu." Macho yake yakashuka kwenye begi, yakaenda kwenye lori, yakarudi.

"Apa," alisema Lobokat. Ndivyo alivyomwita baba yake tangu ajue kusema. "Mimi si daktari."

"Bado. Najua. Miaka miwili."

"Nimeanguka, Apa. Mwaka wote. Waliniambia nirudie, sikurudi. Wiki tatu sijaenda chuo."

Huqa alikumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamtafuta upande wa pili, akaondoka. Etabo alibaki amesimama na kamba ya beberu mkononi. Beberu alivuta, naye hakuonekana kusikia.

"Ulikuwa mgonjwa?" aliuliza.

"Hapana."

"Ulikuwa unakunywa?"

"Hapana, Apa."

"Ni msichana?"

"Hapana."

"Basi mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma."

Na hilo ndilo lililomshinda baba yake. Lobokat aliona wazi. Ugonjwa, pombe, mwanamke, yote hayo mzee angeyapatia mahali pa kuyaweka. Angekemea, angeomba, angetafuta mtu wa kuzungumza na kijana. Lakini mtu kusoma kwa nguvu zake zote na kuanguka, hilo hakuwa na pa kuliweka. Alimtazama mwanawe muda mrefu kama anayemtazama mnyama wake mzuri ambaye ameacha kula na hakuna anayejua sababu.

"Hili lori linakwenda wapi?" aliuliza.

"Sericho."

Etabo akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Mama yako anajua?"

"Hakuna anayejua."

"Na chuo, wanakubali urudi au hawakubali?"

"Walikubali. Lakini sasa nimechelewa, na karo ya kurudia itapotea bure tu, Apa. Usiuze hawa. Nitaanguka tena. Kichwa changu si kile mlichokuwa mnafikiri."

"Nimekuuliza, wanakubali au hawakubali."

"Labda wanakubali."

"Vua hilo koti," alisema Etabo.

Lobokat alivua. Baba yake alilichukua, akalikung'uta vumbi, akalikunja vibaya kama mtu asiyewahi kukunja nguo, akalitia ndani ya begi. Kisha akaenda kumtafuta Huqa. Mbuzi wote sita waliuzwa kabla ya saa sita. Lori la Sericho liliondoka, dereva akipiga honi mara mbili, na Lobokat hakuinua kichwa.

Walitembea pamoja hadi chuoni. Etabo alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, fimbo katikati ya magoti, kofia mkononi, na wanafunzi waliopita walimwamkia. Ndani, Madam Karambu hakuuliza alikokuwa. Alimpa fomu, akasema darasa limekwisha fika sura ya tatu.

Jumapili, kanisani, Etabo alisimama mwenyewe wakati wa matangazo. Alisema kijana ameanguka mtihani na anarudia mwaka, na kwamba hana la kuongeza. Akakaa. Watu walisema pole, wakaimba. Lobokat alikuwa ameogopa dharau, na dharau haikuja. Kilichokuja ni kwamba alasiri ile hapakuwa na mtu kivulini mwa nyumba ya mama yake, wala Jumapili nyingine aliyorudi. Mama yake aliendelea kupanga ukutani vigoda vitatu vya wagonjwa, kisha siku moja akavirudisha ndani.

Darasani alikaa nyuma. Wanafunzi wapya walimwita kaka, na msichana mmoja, Ikra, ambaye hakujua habari zake, alimwuliza kama yeye ni mwalimu msaidizi. Kila baada ya siku chache alimwona Abdiwahid na wenzake wakitoka kwenda wodini, wakicheka, vipimo vya mapigo ya moyo shingoni. Abdiwahid alivuka uwanja siku moja makusudi akamsalimu, akamwambia bado wanakaa nyuma ya maabara. Lobokat alisema atakuja. Alikwenda baada ya wiki mbili, akakaa pembeni, na alipoulizwa jambo alisema, "Sijui." Wakaendelea kubishana, wakamwacha asikilize.

Aliacha kuzunguka kitanda. Badala yake alijilazimisha kila ukurasa auseme kwa Kiturkana, kwa sauti, kana kwamba mama yake yuko chumbani, na kurasa nyingi zilimkwama mdomoni mstari wa kwanza. Mahali alipokuwa akimaliza sura nzima kwa asubuhi moja, sasa alimaliza nusu ukurasa. Kulikuwa na siku alitupa kitabu ukutani. Kulikuwa na siku alikaa tu akitazama mlango. Darasa lilikuwa likimwacha nyuma, naye alijua kwamba kwa mwendo ule huenda lingemwacha kabisa.

Mtihani mdogo wa kwanza wa anatomia ulikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi. Karatasi iliporudi alisoma alama bila kujumlisha upya. Arobaini na sita. Ikra, kando yake, alikuwa na sitini na nane na alikuwa karibu kulia.

Wakati wa chakula cha mchana alisimama kando ya ukuta wa jiko, akampigia baba yake. Simu ililia sana kabla ya kupokelewa. Kulikuwa na upepo, na kengele za mbuzi.

"Umepata ngapi?" aliuliza Etabo, maana alikuwa ameambiwa siku ya matokeo.

"Arobaini na sita."

"Inatosha?"

"Haitoshi, Apa. Inatakiwa hamsini."

Lobokat alimsikia akimfokea mbuzi mmoja arudi, akasikia jiwe likitupwa.

"Huku mvua bado," alisema Etabo mwishowe. "Tumewahamisha upande wa Gotu. Hata kule majani ni kidogo."

"Mama je?"

"Yuko. Anakusalimu."

Kisha salio likaisha na simu ikakatika. Wanafunzi walikuwa wameanza kurudi darasani. Lobokat aliitia karatasi katika mfuko wa koti, akawafuata.